Lipu ya Nyumba ya Mama Mkwe

Marehemu Mwiko, Mungu amrehemu, alijulikana mji mzima kwa kupiga lipu. Nyumba ya tofali za kuchoma aliipiga saruji, ya mawe aliipaka chokaa, na ya tofali mbichi aliikandika udongo uliokanyagwa pamoja na majani makavu, kwa kuwa udongo hushikana na udongo mwenzake. Hayo aliyajua vizuri. Lakini mama mkwe wake alipomwomba amkandikie nyumba yake ya tofali mbichi, iliyotazamana na soko, kiburi kilimpanda kichwani.

"Udongo tena, mama? Watu watasema mkweo ni fundi wa vibanda."

"Mimi nataka ukuta, mwanangu. Sifa nitalala nazo wapi?"

Hakusikia. Akapiga saruji, akaisugua mpaka ikang'aa. Wapita njia wakasimama kutazama, naye akajifanya hawaoni.

Zikaja mvua. Maji yakapenya nyuma ya saruji, tofali zikalainika, na siku ya gulio lipu ikabanduka bamba zima, ikaanguka kwa kishindo. Kwa rehema za Mungu, hakuumia mtu.

"Mwiko!" muuza ndoo akapaza sauti. "Ukuta wa mkweo umevua nguo! Fumba macho, bwana, utapata laana!"

Soko zima likacheka. Tangu hapo Mwiko akawa anazunguka nyuma ya mashine ya kusaga ili asipite pale.

"Mama hajakasirika," mkewe alimwambia. "Ila usiku upepo unampenyea kwenye nyufa."

Hilo likamchoma kuliko tusi. Angetukanwa, angepata la kujibu. Hata kusali aliona haya, maana alijua lililo sawa na hakulitenda.

Alipoamua kurudi, alichagua siku ya gulio.

"Si ungengoja soko lifungwe?" mkewe akamuuliza.

"Niliharibu wakitazama."

Akaibomoa saruji iliyobaki, akakanyaga udongo kwa miguu yake mwenyewe, akaanza kukandika. Muuza ndoo akauliza kama leo wanamvisha bibi harusi. Mwiko akaendelea kukandika, masikio yakiwaka moto. Mama mkwe akatoka na maji ya kunywa.

"Mama, nisamehe."

"Nilishakusamehe zamani. Hebu ongeza hapo chini ya dirisha, bado panapitisha upepo."

Akaongeza, macho yake yakiwa ukutani, kwa kuwa usoni mwa mama yule hakuthubutu kutazama.