Meja Aliyekwenda Kuniposea Muyinga

Ndugu zangu mliobaki Kasulu, kila anayenipigia simu anataka kujua nilivyooa, na kila mara salio linakatika kabla sijafika Karuzi. Basi nimeona niiandike safari yote, kutoka Mutaho mpaka Butihinda na kurudi, ili nipumzike.

Sababu ya safari ilikuwa Esperansi. Yeye ni mwalimu Mushasha, pale Gitega, na mimi ndiye fundi niliyetengeneza madawati ya shule yake. Kwao ni Butihinda, mkoa wa Muyinga, karibu na mpaka. Wazazi wake walikimbilia Ngara mwaka ule mbaya wa vita, wakamzaa huko, na wamerudi kama sisi tulivyorudi. Tulikuwa tumekubaliana wawili. Lakini huku Burundi mwanamume hajiposei. Anakwenda na mzee wa kumsemea, yeye mwenyewe anakaa na suti yake akiangalia viatu. Baba yangu mlimzika ninyi wenyewe, na baba zangu wadogo wote wawili wako makaburi yaleyale. Nilirudi Mutaho na mama yangu na sanduku la randa na misumeno. Mzee wa ukoo sina.

Niliyekuwa naye ni jirani, Meja Silveri. Aliingia jeshini akiwa na miaka kumi na tisa, akatoka baada ya miaka thelathini na miwili, akarudi kulima mihogo kwenye kilima cha baba yake. Tuliporudi sisi, shamba letu likiwa pori tupu, alikuja asubuhi moja na jembe begani bila kuitwa, akafyeka nasi siku tatu. Siku ya nne nilimtengenezea kiti. Huo ndio ulikuwa ujirani wetu. Nilipomwomba anisemee, alifikiri kidogo, akasema, "Mi najua kutoa amri na kupokea amri. Kubembeleza sikufundishwa." Nikamwambia atajifunza njiani.

Saa kumi na mbili asubuhi, Jumamosi, tuliondoka Mutaho. Gari ilikuwa kamioneti ya Pasifiki, Mkongomani wa Uvira anayeuza vitenge sokoni Gitega, ambaye alinipa gari kwa sharti kwamba aendeshe mwenyewe. Nyuma tulipakia kreti za bia na fanta, na mtungi wa pombe ya mtama aliopika mama. Tulikuwa wanaume saba bila Meja. Kabla hatujapanda, Meja alitupanga mstari barabarani, akapita akimgusa kila mtu begani na kuhesabu kwa sauti: mmoja, wawili, watatu, mpaka saba. Hata mimi bwana harusi niliguswa.

"Mukubwa, tuko batu saba tu," Pasifiki akasema. "Nani atapotea?"

"Ndiyo maana nahesabu. Wanaopotea huwa ni wachache."

Nilikuwa nimezoea. Hata tukienda sokoni wawili, ananihesabu.

Gitega tulipita saa moja na robo. Meja alituonyesha kwa kidevu upande wa kambi alikoanzia kazi. Alisema wiki ya kwanza alilia kwa sababu ya buti, si kwa sababu ya mama yake. Kutoka hapo barabara ikawa kama daftari lake la kazi. Kila mahali alikuwa na la kusema, tena kwa kifupi, bila kujisifu. Kwenye daraja la Ruvubu alilinda miezi kumi na moja akapata malaria mara nne. Karibu na Karuzi alipewa nyota ya kwanza, na siku hiyohiyo akapewa habari kwamba baba yake amefariki, hivyo hajui mpaka leo kama afurahi au la. Amani ilipokuja, akapewa kuwafundisha gwaride watu waliokuwa wakimpiga risasi mwaka uliotangulia. "Walikuwa wanafunzi wazuri," alisema. "Walishajua kuvumilia njaa." Baadaye alipelekwa nje ya nchi kulinda amani ya wengine, akarudi na redio na mgongo mbovu.

Saa tatu tulisimama Buhiga tule mishikaki na ndizi. Hapo ndipo Meja aliniita pembeni, akaniuliza baba yake Esperansi anaitwa nani na walikimbia kupitia wapi. Nikamwambia: Mzee Baltazari, na walipita barabara ya Kobero kama wote.

Alisimama mikono nyuma, kama anavyosimama.

"Mwaka ule mi nilikuwa liyetena, yaani luteni. Bariyeri, kile kizuizi cha barabara ya Kobero, ilikuwa yangu. Wiki tatu. Amri ilikuwa watu wapite, baiskeli zibaki. Nikachukua baiskeli."

"Ngapi?"

"Rundo lilikuwa refu kuliko nyumba. Fundi, tafuta mtu mwingine akusemee. Mi nitakaa garini."

Nawaambieni ukweli, ndugu zangu, sikufikiria baiskeli za watu hata kidogo. Nilifikiria posa yangu. Mwingine ningempata wapi pale Buhiga? Wale jamaa watano walikuwa vijana wenzangu, na Pasifiki Kirundi chake ni cha kuuzia vitenge. Nikajipa moyo kwamba miaka imepita, mtu ameota mvi, nani atamjua.

Nikasema, "Mzee, nyamaza tu. Wewe sema ya posa, hayo mengine yaache."

"Ni amri?"

"Ni ombi."

"Maombi ndiyo nimeanza kujifunza leo. Sema ni amri, nitaifuata."

Nikasema ni amri. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye gari, akatuhesabu, tukaondoka. Pasifiki alikuwa amesikia. Alinitupia jicho kwenye kioo, akasema polepole, "We uko unapanda kitu, fundi, na utakivuna."

Saa tano kasoro tulipita mji wa Muyinga, wenye misikiti yake na wauza vitumbua waliotukumbusha Kigoma. Saa sita tukafika kwa Mzee Baltazari: nyumba ya matofali yenye bati jipya, mipapai miwili, turubai la bluu uani, viti vimepangwa pande mbili vikitazamana. Langoni Meja alisahau kwamba hatuko gwarideni. Alitupitisha mmojammoja akitugusa begani, mmoja, wawili, watatu. Akina mama wa pale walicheka. Nilimwona mzee mwembamba mwenye koti la kahawia akiinua kichwa kwenye kiti cha mbele. Huyo hakucheka.

Tulikaribishwa, tukapewa vinywaji, kisha mchezo ukaanza. Msemaji wao, mjomba wa Esperansi, mtu wa maneno mengi, alisimama akatuuliza kwa Kirundi kama tumepotea njia, maana soko la mbuzi liko upande wa pili. Ndiyo desturi: wao wanajifanya hawajui, ninyi mnazunguka mbuyu mpaka watu wachoke kucheka. Meja alisimama mikono nyuma. Nilijua ameharibu kabla hajafungua kinywa.

"Hatukupotea," akasema. "Tumekuja kuomba Esperansi awe mke wa huyu fundi. Fundi ni mtu mzuri. Nimemaliza."

Akakaa. Uwanja mzima ukaangua kicheko, na mjomba akasema hajawahi kuona posa fupi kuliko salamu. Jasho lilinitoka, lakini nikaona mambo yanakwenda. Meja alisimama tena, akawasilisha kreti na mtungi wetu, na safari hii akajaribu kubembeleza. Alisema Mutaho kuna maji karibu na mihogo haina ugonjwa. Watu walimpenda. Mjomba alikuwa karibu kusema ndiyo.

Ndipo mzee mwenye koti la kahawia akainuka. Ni Mzee Baltazari mwenyewe. Mwajua baba wa binti siku hiyo hasemi kitu, kinywa chake ni msemaji. Mjomba alimvuta koti akae, hakukaa. Tena hakusema Kirundi. Alisema Kiswahili, kilekile chetu cha kambini.

"Meja, unahesabu watu tangu lini?"

"Tangu nilipokuwa na watu wa kuhesabu."

"Kuna afisa mmoja alinigusa bega langu hili, akasema thelathini na nane. Thelathini na tisa alikuwa mama yangu. Alikuwa amekaa kwenye keria ya baiskeli, miguu imevimba, hawezi kutembea. Wakamshusha. Baiskeli ikabaki." Alikuwa akisema bila kupandisha sauti. "Nataka kujua kama ni wewe."

Nilimwangalia Meja, nikatikisa kichwa kidogo, akaniona. Alisimama.

"Huyu fundi amenipa amri ninyamaze," akasema. "Nimetii amri miaka thelathini na miwili. Hii siitii. Ndiyo, ni miye nilikuwa pale. Baiskeli nilichukua mimi."

Hakuna aliyegusa chupa yake. Nilitamani ardhi inimeze, maana sasa sote wawili tulikuwa wabaya: yeye kwa jana, mimi kwa leo.

"Unanikumbuka?" Mzee Baltazari akauliza.

"Hapana. Baiskeli zilikuwa nyingi na watu walikuwa wengi. Nikisema nakukumbuka, nakudanganya. Naikumbuka amri, na nakumbuka kwamba sikumuuliza aliyenipa hata swali moja. Fundi hana kosa, mwaka ule alikuwa mgongoni kwa mama yake. Kama mnataka kukataa, nikataeni mimi."

Akabaki amesimama, mikono sasa mbele, hajui pa kuiweka.

"Ungesema unanikumbuka, ningewafukuza wote," Mzee Baltazari akasema. Kisha akaingia ndani na ndugu zake.

Walikaa huko zaidi ya nusu saa. Mimi nilikuwa nimeshajipigia hesabu ya kurudi na mtungi uliojaa. Pasifiki alinong'ona, "Bon, bia itarudi, hiyo ndiyo faida." Hakuna aliyecheka, na yeye hakutaka tucheke.

Walipotoka, alisema mzee mwenyewe, mjomba akiwa nyuma yake kimya, kinyume kabisa na desturi. "Binti nampa huyu fundi. Esperansi anamtaka, na mimi nimemwona alivyotoka jasho. Wewe Meja sijakupa kitu. Kesho asubuhi, kabla ya misa, uje hapa kwa miguu. Peke yako na fundi."

Esperansi akaletwa na shangazi zake, amefungwa imvutano, vazi letu la sherehe, na vigelegele vikapigwa. Nilifurahi, sitadanganya, nilifurahi mpaka machozi. Lakini mtungi wa mama ulipofunguliwa na mrija kuanza kupokezwa kinywa kwa kinywa, Mzee Baltazari alikunywa, akampa mjomba, mjomba akanipa mimi. Meja hakuletewa. Alikunywa fanta.

Jumapili saa kumi na mbili na nusu tulifika kutoka nyumba ya wageni. Mzee Baltazari alikuwa anatungoja langoni na baiskeli yake, nzito, ya kubebea mkungu wa ndizi. Akaisukuma, tukamfuata kuelekea barabara ya Kobero. Baada ya kama nusu saa alisimama mahali ambapo mimi sikuona chochote, ni majani na mtaro. Meja aliona. Alivua kofia.

"Ilikuwa hapa," Meja akasema. "Kibanda kilikuwa upande ule."

"Hapa," Mzee Baltazari akakubali. Akamkabidhi usukani wa baiskeli. "Sukuma wewe."

Kutoka hapo barabara inapanda. Meja ana mgongo mbovu, nimeshawaambia. Nilinyoosha mkono nimsaidie, mzee akanizuia kwa macho. Yeye alitembea kando ya keria tupu, mkono wake umeishika keria, kama mtu anayemzuia abiria asianguke. Tulipanda hivyo mpaka juu, kwenye shamba la kahawa, na chini ya mistari ya kahawa pana mawe matatu. Huko ndiko Mzee Baltazari alikomfikisha mama yake mgongoni akamfia, na huko ndiko alikomzika akaendelea na safari.

Walisimama. Sikusikia waliyosemezana, ni machache. Tulipoteremka, Mzee Baltazari alisukuma mwenyewe. Nyumbani alichukua mtungi wetu, kilichobaki kilikuwa kidogo, akatia mrija mmoja, akavuta, kisha akaupangusa kwa kiganja akampa Meja. Meja akanywa.

Saa tano tuliondoka. Esperansi alibaki kwao mpaka siku ya harusi, kama inavyotakiwa. Meja alitupanga kando ya gari, akafika kwa mtu wa tatu akaacha kuhesabu, akatuambia tupande tu. Tukafika Ruvubu. Pale darajani aliniambia, "Fundi, niliasi amri yako." Nikamwambia ilikuwa amri mbaya. Akasema, "Hata zile za Kobero," akageukia dirishani.

Mliniuliza nimejifunza nini. Nimejifunza kwamba nilimwomba mtu anyamaze ili nipate mke, na mke nimempata kwa sababu alinikatalia. Naona aibu kidogo kila nikikumbuka Buhiga.

Esperansi alisoma haya yote jana. Amesema nimeandika vizuri, ila nimesahau jambo moja ambalo baba yake hulisema kwa kila mgeni: kwamba Meja alisukuma ile baiskeli mpaka juu bila kupumzika hata mara moja. Basi, nimeliandika.