Nyongeza ya Shemeji

Simpendi kaka wa mke wangu, na sioni sababu ya kupamba maneno. Ana duka la mboga mtaa wa Lozells, huku ughaibuni tunakoishi, na ni mkono wa birika hasa: ununue nyanya za familia nzima, hatakutilia hata pilipili moja ya nyongeza. Mtu wa pwani gani anauza hivyo? Mwaka jana aliwaambia watu nje ya msikiti kwamba namtumikisha dada yake. Nikamfukuza kwangu. Tangu siku hiyo mke wangu hajala na kakake nyumbani kwetu.

Tulikuwa tukionana mahali pamoja tu, Jumapili mchana, kwa rafiki yetu anayekaa mtaa wa Northfield, kwenye karata za poka. Pesa ni haramu, kwa hiyo tunachezea maharage. Siku moja akanikazia macho, akasema, "Shemeji, atakayeishiwa maharage kwanza amwendee mwenzake, amwombe radhi mbele za watu." Nikakubali upesi. Nilitaka aje kwangu apige hodi mpaka achoke.

Ikafunuliwa mezani karata ya tano, ya mwisho katika zile za kutumiwa na wote. Mezani kopa nne! Hapo mwenye kopa moja tu mkononi ametimiza tano za rangi moja, na mwenye kubwa zaidi ndiye bwana. Mimi nilikuwa na tisa ya kopa. Nikaweka punje ishirini. Yeye akalipa ishirini, akaongeza ishirini nyingine, taratibu, akizisukuma kwa kidole kimoja. Na katikati palikuwa na rundo la karibu mia mbili.

Anayetaka kukutisha anaweka zote. Anayeongeza kidogo, tena kwenye meza iliyojaa kopa, anataka ulipe. Na bahili yule, tangu lini akatoa nyongeza bure? Nilijua. Wallahi nilijua! Lakini kile kidole! Nikaona ananidharau, damu ikanichemka, nikasukuma zangu zote sitini zilizobaki. "Haya, kula!"

Akalipa, akafunua ree ya kopa, kubwa kuliko zote. Hata hakucheka. Afadhali angecheka.

Jumamosi nikaenda dukani kwake, foleni imefika mlangoni. Nikasema kwa sauti, "Shemeji, nilikukosea, niwie radhi." Akajibu, "Yameisha, shemeji. Kesho nitakuja kula." Akapima vitunguu vyangu, kisha akachukua kimoja kikubwa, akakitia juu ya vingine. Nyongeza! Miaka kumi na mbili sijawahi kuiona. Nikasema moyoni, ebo, safari hii hunipati. Nikakitoa kwenye mfuko, nikakirudisha juu ya mzani mbele ya wateja wote, nikaondoka.

Kesho yake mke wangu alipika pilau, akaweka sahani tatu. Tulimngoja mpaka chakula kikapoa. Ndipo nikamweleza habari ya kitunguu.

"Alinipa mimi," akasema, "siyo wewe." Akaiondoa sahani ya kakake, akairudisha kabatini.