Salamu Ndefu za Bibi

Wiki jana, kwenye stendi ya tuktuk mjini Malindi, nilimsalimia msichana nisiyemjua kwa dakika tano nzima. Vijana wawili walikuwa wamemzuia njia, mmoja kashika mkoba wake, na watu wamewazunguka na simu zao juu wakirekodi. Sikuwatazama wale vijana. Nilimwendea yeye: "Mwanangu, hujambo? Mama hajambo? Na shangazi, mguu umepoa?" Alishangaa kidogo, kisha akaelewa, akajibu moja baada ya jingine, tukitembea. Mkoba ukaachiliwa. Hakuna mwingine aliyesogea, nami nilifika nyumbani nimechoka kama niliyefua siku nzima.

Wanijua, mimi si mtu wa kujificha. Nina diploma ya mambo ya hoteli, nimefanya kazi Uarabuni miaka kumi na miwili, na nyumba hii ya mtaa wa Barani nimeijenga bila mume wala mjomba kunichangia tofali. Lakini ujanja ule sikufundishwa chuoni. Nilimuona nao bibi yangu.

Bibi alikaanga bajia za kunde kibarazani kila alasiri. Mimi nilitoa maganda ya kunde zilizolowekwa, vidole vikikunjamana majini, na mtaa mzima ukanukia kitunguu na pilipili. Saa hizo binti wa jirani alikuwa akirudi darasa la ushonaji, na kwenye benchi la kinyozi palikuwa na bwana mmoja asiyekosa kumfuata kwa maneno ambayo sitayaandika. Babake binti alishasema: siku jina la mwanawe litakapotajwa barazani kwa wanaume, cherehani basi. Wanawake wote wa mtaa walilijua hilo.

Kwa hiyo Bibi hakugombana. Aliinuka, akajipenyeza katikati, mgongo kwa yule bwana, akaanza salamu. Za nyumbani, za mama, za mtoto aliyeota meno, za kuku. Mama muuza mkaa angedakia kutoka ng'ambo, "Na mimi hunisalimii, mwanangu?" na mwingine naye akatoka na ungo wake. Bwana alibaki anaongea na migongo ya kanga. Hapo ndipo Bibi alipomuuliza binti kwa sauti ya chini: "Nikusindikize, au ukae unywe maji kwanza?" Lolote alilolisema, ndilo lililofanyika.

Siku moja Bibi alikuwa ndani anaswali. Yule bwana akamvuta binti mtandio. Nilikuwa na miaka kumi na ulimi wa miaka arubaini. Nilishika upawa, nikasimama barabarani, nikamtaja bwana kwa jina lake na la mamake, nikamwita mbwa. Mtaa ukajaa. Naye akapaza sauti kunishinda: "Mwulizeni huyo mwenyewe! Kila siku hunichekea!" Binti alikuwa akinishika mkono, "Nyamaza, mdogo wangu, nakuomba nyamaza." Sikunyamaza. Nilijiona simba.

Kabla ya magharibi maneno yalikuwa yamefika barazani kwa wanaume.

Bibi hakunipiga. Aliniuliza tu, "Ulikuwa ukimtetea nani, mjukuu wangu? Yeye alikuomba nini?" Asubuhi akavaa buibui lake zuri, akanichukua, tukaenda kwa jirani, babake binti.

"Mwanangu, mwenye kosa si binti yako," alisema.

"Naelewa, mama. Lakini linalosemwa huko nje ni jina la binti yangu."

"Basi nitampeleka na kumrudisha mwenyewe."

"Hapana, mama. Imetosha."

Nyuma ya pazia tulisikia mtu akilia, na akajikaza tusisikie.

Siku hizi vibaraza vya mtaa wetu vimezungushiwa kuta, zangu zikiwa ndefu kuliko zote, nazisifia mwenyewe kwa wageni. Ukimsalimia mtu njiani, anadhani unamuuzia kitu. Wale wanawake wa kudakia salamu wamezikwa, na sisi tuliolelewa nao hatukushika nafasi zao. Tunatazama, tunarekodi, tunapita.

Yule binti wa jirani, alipoachishwa, alikuwa amebakisha miezi mitatu amalize ushonaji. Alasiri ya siku ile tuliyotoka kwao, bwana alikuwa palepale kwenye benchi, miguu kainyoosha, na njia yote ni yake.