Ushuhuda ya Godoro

Mi sina haya mingi, banaonijua hapa Base Camp, kwa kambi yetu ya wakimbizi Nakivale, banajua, lakini juu ya ile Jumapili ya godoro, hata leo nikipita karibu na kanisa yetu najifanya naangalia simu, na simu yenyewe haina hata moto kwa betri.

Tulikuwa na jirani, Mama Neema, mjane wa kwetu Fizi, kule Kongo, kifua yake inamusumbua kila baridi, na bado kwake yeye hakuna shida iliitwa shida. Maji ikikatika kwa bomba anasema, "Tushukuru, mikono itapumuzika." Mvua ikilowesha mihogo yake, "Tushukuru, vumbi imetoka." Mi nilikuwa namwigiza mbele ya vijana, nakohoa kama yeye halafu nasema, "Tushukuru, kuku amekufa, hatutamulisha tena," bakacheka mpaka bakashika tumbo. Siku moja akanikuta palepale naigiza. Hakukasirika. Alisema tu, "We cheka, mwanangu. Mi nikianza kulalamika, nitamaliza lini?"

Miaka mingi alikuwa anangoja safari ya kumufuata binti yake Ulaya, na siku ikafika. Sasa kwetu mutu akisafiri vile habebi nyumba: jioni ya mwisho anaita majirani anabagawia kila kitu, na ukikataa ni kama unamutabiria hatafika. Akagawa sufuria, viti, jembe, mpaka mlango ya nyumba. Mi nikapewa godoro, juu ya kumulilia kwamba mbavu zangu zimechoka na mkeka. "Lalia, uniombee," alisema. Asubuhi gari ikamubeba kupitia Mbarara mpaka Kampala. Batu balilia. Mi nilikuwa ndani napima godoro.

Na godoro ilikuwa pana kushinda kitanda yangu ya miti. Elia, rafiki yangu tunalala chumba moja, akasema, "Si ukate tu, ndugu, na mi nilale kama mutu." Nikachukua panga nikaikata katikati kama mukate (kipande yangu ilibaki kubwa kidogo, sijui ilitokeaje).

Jumapili nikachelewa kanisani, nikaingia na mlango ya mbele, nikakaa karibu na kwaya, nyuma sikuangalia. Muchungaji akauliza nani ana ushuhuda. Mi toka nizaliwe sijawahi kutoa ushuhuda, lakini nilikuwa nimelala vizuri siku tatu, mutu akilala vizuri anajiona nabii. Nikasimama.

"Haleluya!"

"Amina," balijibu, lakini kidogo, kama batu ba malaria. Nikaona bamelala, nikaongeza moto.

"Mi nilikuwa nalala chini kama mbuzi! Mungu akamuondosha Mama Neema ili mi nilale! Nani tena alipewa vitu ya Mama Neema? Simameni tumushukuru Bwana!" Baba mwenye alipewa viti akaangalia viatu vyake. Mama wa sufuria akaanza kufunga kitambaa upya. Nikabagombeza kabisa: "Ninyi hamuna shukrani! Mwenzenu saa hii anakula kuku ya wazungu, na ile kikohozi ametuachia hapa Nakivale!" Na nikakohoa, ile kikohozi yangu ya kuigiza, yenye haijawahi kukosa kicheko.

Kutoka benchi ya mwisho, kikohozi ingine ikanijibu. Ile ya kweli.

Nikageuka. Mama Neema alikuwa amekaa kule, begi kwa magoti, na nguo ileile ya safari. Alirudishwa jana yake jioni: badaktari kule Kampala baliangalia kifua, bakasema ndege hapandi mpaka amalize dawa, na dawa ni ya miezi. Alikuwa amelala chini, kwa nyumba haina mlango. Kanisa yote ilimuona akiingia, isipokuwa mimi.

Akasimama polepole. "Na mi niko na ushuhuda," alisema. "Nimerudi. Tushukuru..."

Tukangoja. Siku zote baada ya hiyo neno kunafuata kitu. Ile siku hakukufuata kitu. Alisimama tu, mdomo wazi, halafu akakaa. Muchungaji akaanzisha wimbo, hata kwaya haikuupokea.

Mchana tukarudisha godoro, tukipita katikati ya soko, mi na kipande yangu kwa kichwa, Elia na yake, vijana banapiga kelele, "Haleluya! Nabii wa godoro!"

"Ungefunga mdomo tu," Elia alisema njia yote.

Mama Neema akaangalia vile vipande viwili. "Ile kubwa njo ilikuwa yako?"

"Njo yangu, mama. Unisamehe."

"Nilijua." Alitaka kucheka, kikohozi ikamukatiza.

Nikaishona godoro na uzi wa gunia, lakini katikati ilibaki shimo, na kila asubuhi nikimuuliza amelalaje anasema "nimelala," basi, bila ile "tushukuru" yake, wiki nyingi, mpaka nikatamani alalamike. Halafu siku moja maji ikakatika tena, nikarudi na jerikani kavu, nikamukuta anakunywa dawa zake kwa mlango, ile balimurudishia. Akaangalia jerikani.

"Tushukuru," alisema, akameza kidonge moja, mi nangoja. "Mikono itapumuzika."

Safari bado. Kuigiza kikohozi ya mutu niliacha. Na muchungaji akiuliza nani ana ushuhuda, mi kwanza nageuka, naangalia benchi ya mwisho.