Kaisari Aliyeumwa na Dani

Harufu ya risasi iliyoumwa kwa meno haifanani na harufu nyingine. Juzi mwanangu alikuwa akitengeneza nyavu hapa Sori, ziwa likiwa limezibwa na magugu maji. Akauma kipande cha risasi, madini laini ya kuzamishia nyavu, ili akibane kwenye kamba, nami nikamkumbuka Kaisari. Andika hivyo hivyo, mjukuu wangu, wala usinipambe.

Baba yangu alikuwa muumini mpya, na majivuno yake yaliizidi imani yake. Mchuuzi mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka alimwonyesha dinari ya fedha, akaapa kwamba ni ile ile ya Injili, yenye sura ya Kaisari. Upande mmoja palikuwa na kichwa cha mwanamume mwenye pua ya mwewe, amejizungushia majani kichwani kama mbuzi aliyetoroka shambani. Upande wa pili mnyama mfano wa mbwa alinyonyesha watoto wawili. Baba akamwachia mchuuzi mtamba wetu, yule aliyeahidi kumuuza ili niende shule.

Majirani wakaja kutazama. Dinari ikapita mikononi mwao hadi kwa dani, mama yake baba, aliyemtengenezea mumewe nyavu maisha yake yote. Akaigeuza, akaitia kinywani, akaitema kiganjani.

"Huyu ni fisi," akasema. "Opiyo na Odongo wananyonya fisi, nawe umeniletea uchawi huu bomani?"

Hayo ndiyo majina tunayowapa mapacha.

"Mama, huyo ni mbwa mwitu wa Roma."

"Kwani fisi wa Roma si fisi?"

Watu wakacheka. Dani akatembea hadi ziwani, akamtupa Kaisari pamoja na mapacha wake.

Kwa miaka mingi nilimdharau dani. Nilimwona mshamba aliyeogopa picha, akaizamisha shule yangu. Baba naye alisimulia hadi uzeeni jinsi ujinga wa mamaye ulivyompotezea utajiri, na wapumbavu wenzake wakampa pole.

Nilipoolewa Muhuru, niliuma risasi ya wavu kwa mara ya kwanza. Jino likazama. Fedha haikubali jino namna hiyo. Ndipo nilipokumbuka kile nilichokiona nikiwa nimechuchumaa miguuni pa dani: Kaisari alitoka kinywani mwake na shimo shavuni ambalo hakuingia nalo.

Dani alijua kwamba dinari ile ni risasi tupu. Alichagua kuchekwa yeye, mwanawe asichekwe. Baba hakustahili hata kidogo. Mtamba hakurudi, na jina langu chini ya maneno haya utaniandikia wewe.