Kesi ya Watani wa Kibamba

Mafunzo ya usaidizi wa kisheria yalinipanda kichwani. Nilijua haki za mpangaji, haki za mjane, haki za mtu aliyekamatwa. Nyumbani wakaacha hata kunituma chumvi, wakiogopa nitawasomea kifungu. Kilichonishinda ni mtihani wa vitendo. Kila mwanafunzi alitakiwa apatanishe watu wawili waliogombana kweli, mwalimu akishuhudia, ndipo apewe cheti. Na mtaa wetu wa Kibamba, ambao siku zote haukosi fujo, ukaamua kukaa kwa amani. Niliumia sana. Wenzangu walishapata ugomvi wao mzuri, wa kugombea ukuta na mpaka, mimi nazunguka vichochoroni kutega sikio kama mmbeya.

Asubuhi moja nikasikia makelele barazani kwa fundi viatu na fundi baiskeli, wazee wawili wanaofanya kazi pamoja. Fundi viatu ni Mzaramo, fundi baiskeli Mnyamwezi.

"Toka kwenye benchi langu, mpagazi wewe!" alifoka fundi viatu.

"Benchi langu, na wewe mwenyewe wangu! Tangu lini mtumwa akamiliki benchi?"

Utumwa! Moyo uliniruka kwa furaha. Mtu mwingine yeyote angejua papo hapo kwamba hawa ni watani, watu wa makabila yanayotukanana tangu enzi za mababu, na mwiko ni kununa. Hata mimi nimekulia humo. Lakini njaa ya kesi ilikuwa imeniziba masikio.

"Shikamooni," nikasema. "Naomba mketi. Nyote mna haki ya kusikilizwa."

Wakatazamana, wakaketi kwa upole wa watu wanaosubiri sindano. Fundi viatu akaeleza jinsi babu yake alivyompata babu wa mwenzake kwa kubadilishana na nazi mbovu. Fundi baiskeli akajibu kwamba Mzaramo huyu aliuza shamba zima ili acheze ngoma, kwa hiyo hana akili timamu na hawezi kumshitaki mtu. Niliandika yote, nikampigia simu mwalimu.

Mwalimu wetu, mama aliyestaafu kazi ya mahakama, alifika, akasikiliza kidogo, akavua miwani.

"Mwanangu, hawa si watani? Hapa hakuna kesi. Na majina ya watakaopewa vyeti yanapelekwa kesho."

Nililia. Wala si kistaarabu. Nililia na kamasi, mbele ya wateja. Wazee wakaacha kucheka.

"Umeona ulichomfanyia mtoto wa watu?" fundi baiskeli akamuuliza mwenzake.

"Nimemfanyia mie? Nani kaleta habari za utumwa?"

Sauti zikapanda, halafu zikashuka ghafla. Fundi viatu akaanza kukusanya nyundo na gundi zake.

"Samahani sana, ndugu yangu. Kuanzia leo nitafanyia shughuli zangu kwingine."

"Haya, mzee mwenzangu. Nakutakia kila la heri."

Baraza zima likapoa. Muuza kahawa aliacha kumimina. Hakuwahi kuwasikia wakiitana ndugu. Mwalimu akarudisha miwani upesi.

"Huo sasa ndio ugomvi," akaninong'oneza. "Futa kamasi."

Nikafuta. Nikamuuliza kila mmoja kinachomuuma. Fundi viatu alisema ameitwa mharibifu wa maisha ya mtoto, tena kwa dhati, bila hata tusi moja. Mwenzake akakiri kwamba alisema vile kwa aibu. Nikaandika sharti moja tu, nikalisoma kwa sauti: pande zote mbili zirejee kutukanana kama kawaida. Wakatia sahihi. Kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake aanze.

Fundi viatu akaichungulia karatasi.

"Hii sahihi yako, au kuku kapita?"

"Afadhali kuku," fundi baiskeli akajibu. "Nyie kalamu mnadhani fimbo ya ngoma."

Akajipangusa macho kwa kitambaa cha kazi, akabaki na grisi uso mzima, na hakuna aliyemwambia.