Chuchu ya Nne

Katika video yangu ya kwanza niliahidi kurusha nyingine kila siku asubuhi. Hakuna aliyeniomba. Watazamaji walikuwa thelathini na mmoja, wengi wao rafiki zangu wa kikundi cha waandishi pale Nkende, watu ambao kwa miaka mitatu wamekuwa wakisikia kwamba riwaya yangu imebakiza sura moja.

Nilikuwa nimehamia Ringwani kwa shangazi yangu ili niimalize hiyo sura. Badala yake nikasimamisha simu zizini, nikamrekodi akikamua, huku nikisoma sentensi zangu kuhusu ukungu. Mtu mmoja wa Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Sirari, aliandika chini yake: "Hiyo ng'ombe iko na adabu kuliko ya kwetu." Kuhusu ukungu hakusema kitu. Mimi nikajiona nimepata hadhira.

Kufika siku ya tano, dunia ilikuwa imeniishia. Nilirekodi kuku. Nilirekodi viatu vyangu vikiwa na tope, nikanena juu ya safari ya mwanadamu. Siku ya saba nilirudi zizini, nikamwomba shangazi aniachie ndoo nikamue mwenyewe.

Shangazi humwacha ndama aanze kunyonya mpaka maziwa yashuke, kisha humfunga pembeni, hukamua chuchu tatu, na ya nne ni ya ndama. Hilo nalijua tangu utotoni. Lakini asubuhi ile jua lilipenya kwenye ua, povu likang'aa ndani ya ndoo, na sentensi niliyokuwa nikiisema ilikuwa haijafika mwisho. Sentensi zangu ni ndefu. Nikakamua na ya nne. Video ilitoka nzuri, kwa hiyo kesho yake nikarudia, na keshokutwa.

Mchana wa siku hiyo ya tatu ndama alilia bila kupumzika. Shangazi aliacha kupepeta wimbi, akampapasa tumbo, akaniita kama vijana wa kiume wanavyoitwa huku.

"Mura, huyu amenyonya leo?"

"Nilimfungulia, shangazi."

"Nimeuliza kunyonya. Ya nne ulimwachia?"

"Nilikuwa narekodi."

"Ulirekodi njaa yake?"



Jioni shangazi hakukamua. Alimwachia ndama zote nne, nasi tukanywa chai ya rangi. Mzee jirani, ambaye huja kila jioni kwa ajili ya chai ya maziwa ingawa husema amekuja kutusalimia, aliitikia shikamoo yangu, akachungulia kikombe.

"Marahaba. Nani amefariki?"

"Bado," alisema shangazi, akinitazama. "Hiyo simu yake isiingie tena zizini."

Bila zizi sikuwa na chaneli. Nilikuwa na viatu. Nikambembeleza, nikamweleza kwamba watu wananisubiri.

"Walikuomba video ya kila siku?"

"Niliwaahidi mwenyewe."

"Na ndama ndiye anayelipa." Akamimina chai iliyobaki. "Jumamosi. Tena usiguse ndoo mpaka ndama ashibe. Ukigusa ya nne, utarudi Nkende na hicho kisimamisho chako cha simu."

Jumamosi nilirekodi ndama akinyonya, nikatangaza kwamba tangu sasa ni mara moja kwa wiki, nikajiandaa kwa hasira ya umma. Rafiki zangu hawakusema lolote. Nadhani hawakujua kwamba nilikuwa nikirusha kila siku. Aliyejibu ni yule wa ng'ambo ya Sirari: "Ni sawa tu. Hata hizo za kila siku nilikuwa naziangalia zote Jumamosi. Lakini huyo ndama, wiki iliyoisha mlikuwa mnamnyima?"

Nilimsomea shangazi. Alisema nimjibu mwenzangu ukweli.

Nilianza kuandika kuhusu jua na povu. Nikafuta. Nikaandika, "Ndiyo, mimi," nikaituma, nikaenda kukata majani ya ng'ombe.